Malalamiko kuhusu ziara ya jioni jijini Mwanza, Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025

Mwanza,
14 Agosti 2025.

Meneja wa Ziara,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

YAH: RATIBA ISIYOENDANA NA MWANZA, BOTI ISIYO NA MAJAKETI YA KUTOSHA, NA MAOMBI YA KUREJESHEWA SH 1,224,000

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni waongoza watalii wa hapa Mwanza, tunafanya kazi kwa kikundi. Watu 18 waliopanda basi lenu jioni ya tarehe 9 walikuwa wetu: wageni 17 na mwenzetu mmoja aliyekata tiketi kama wao. Tuliwakabidhi kwenu kwa sababu ninyi mna boti na sisi hatuna. Kila mmoja alilipa Sh 120,000, jumla Sh 2,160,000, na ankara yenu yenye mchanganuo tumeiambatisha. Hatulalamikii foleni wala dereva. Dereva wenu ni mtu mzuri. Tunalalamikia karatasi aliyopewa aifuate.

Tuanze na jua, maana ndilo mlilolitangulizia kwenye tangazo. Ratiba inasema boti iondoke saa 11:30, jua lizame nyuma ya Jiwe la Bismarck saa 12:24, na saa 12:35 boti iwe imerudi gatini. Jioni ile jua la Mwanza lilizama saa 12:55. Boti ilipofungwa kamba saa 12:35, jua lilikuwa bado juu ya maji kwa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa, na wageni waliolipia kulitazama wakaambiwa wapande basi upesi kwa kuwa "tumechelewa mnara wa saa".

Hiyo saa 12:24 wala si kosa la mchapaji. Ni saa ambayo jua lilizama Dar es Salaam siku hiyohiyo. Dar iko kwenye nyuzi 39 za longitudo ya mashariki na ushee, sisi tuko karibu na 33, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Kwa hiyo jua linatufikia kama dakika 25 baada yenu. Mwezi Agosti tofauti inakaribia nusu saa kwa sababu Dar iko kusini zaidi na mchana wake wakati huo ni mfupi kidogo kuliko wetu. Inaelekea kuna mtu alichukua ratiba ya ziara ya jioni ya Dar, akafuta kivuko cha Kigamboni, akaandika cha Kamanga.

Saa moja isiyobadilika mwaka mzima nayo haiwezi kufaa. Mwanzoni mwa Novemba jua hapa linazama kama saa 12:40. Katikati ya Februari ni karibu saa 1:10 usiku. Ratiba ihesabiwe nyuma kutoka saa ya tarehe husika: boti iwe imesimama mahali pake dakika 20 kabla ya jua kuzama, upande wa mashariki wa jiwe ili jua liwe nyuma yake, injini imezimwa, na isiondoke mpaka dakika 15 baada ya jua kupotea. Dakika hizo 15 ndizo zenye picha. Jiwe linabaki jeusi, maji yanakuwa rangi ya shaba. Zikipita hakuna cha kusubiri, kwani huku karibu na ikweta mwanga wa baada ya jua kuzama haudumu. Ndani ya nusu saa giza limeshaingia. Na mjue kwamba jiwe hilo linaonekana bure ukiwa ufukweni, karibu na kivuko cha Kamanga. Anayelipia boti analipia kuliona jua likizama, jiwe angeliona hata kwa miguu.

Boti hiyohiyo ilirudi majini saa 2:00 usiku kwa sehemu mliyoiita "mji wa taa juu ya ziwa", yaani kutazama mitumbwi ya dagaa. Ni kweli, usiku wa giza taa zile zikiwa nyingi mgeni anaweza kudhani ng'ambo kuna mji. Lakini tarehe 9 Agosti ulikuwa mwezi mpevu. Ulichomoza nyuma ya vilima vya mji muda mfupi baada ya jua kuzama, na boti ilipotoka ulikuwa umeshapanda, ziwa lote jeupe. Wageni walizungushwa dakika 50 wakaona taa mbili, na moja tunashuku ilikuwa ya gati.

Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za sola na betri. Taa inawekwa juu ya maji, inavuta vijidudu, dagaa wanafuata vijidudu, nao wakishakusanyika nyavu inazungushwa. Yote hayo yanategemea taa iwe ndiyo mwanga pekee pale. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, dagaa wanatawanyika, na mvuvi hachomi mafuta wala betri bure. Siku hizo nyavu zinashonwa, mitumbwi inatiwa kalafati, watu wanakwenda kusalimia nyumbani. Mtoto wa pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, angewaambia hivyo kabla hamjachapa tangazo. Panga sehemu hii kwa kalenda ya mwezi, katika juma linalozunguka usiku usio na mwezi, na boti isitoke kabla ya saa 2:15, wavuvi wawe wameshawasha. Ikiwa tarehe imeangukia mbalamwezi, ifuteni na bei ipungue.

Sasa usalama, na hapa tunaomba msome polepole. Ndani ya boti walikuwemo watu 21: hao 18, nahodha, msaidizi wake na mwongozaji wenu. Majaketi okozi yalikuwa 14. Mwenzetu aliyahesabu kabla ya kuondoka, akayakagua moja moja. Matatu hayakuwa na vifungo, yamefungwa kwa kamba ya manila, fundo ambalo mtu aliyelowa hawezi kulifungua wala kulikaza. Moja lilikuwa la mtoto, lebo yake ndani ya kola inasema kilo 30 hadi 40, na akavishwa mzee ambaye lilimfika kifuani likagoma. Yanabaki kumi. Filimbi haikuwepo hata kwenye jaketi moja. Alipouliza akajibiwa kwamba "hatuendi mbali".

Katika safari ya saa 2:00 boti haikuwa na taa za njia. Taa hizo si pambo: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma, ili chombo kinachokuja kijue unaelekea wapi. Msaidizi alikaa mbele na tochi ya simu. Mlikuwa kwenye maji yanayopitiwa na vivuko na boti za mizigo. Makasia hayakuwepo, injini ya akiba haikuwepo. Meli ya Mv Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza. Kivuko cha Mv Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Katika mji huu upungufu wa majaketi hauandikwi kwenye fomu ya maoni ya mteja. Mwenzetu alipaswa kukataa boti isiondoke. Hakukataa, na hilo tumelimaliza naye sisi wenyewe.

Mnara wa saa tutaupitia haraka, kama basi lenu lilivyofanya. Mwongozaji alisema kwenye kipaza sauti kwamba Stanley alisimama pale mwaka 1875 "akaligundua ziwa". Bamba la mnara linasema jambo jingine: kwamba tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilima cha Isamilo, maili moja kutoka hapo, Speke, msafiri Mwingereza, aliyaona kwa mara ya kwanza maji makuu ya ziwa. Stanley ndiye aliyekuja 1875, akalizunguka ziwa kwa mashua yake, na hakuanzia kwenye mnara wowote. Bamba hilo halisomeki kutoka dirishani usiku. Egesheni pembeni, mshuke na tochi, dakika saba zinatosha. Na neno "kugundua" lisemwe kwa adabu. Ndani ya basi walikuwemo Mkerewe mmoja na Wasukuma wanne, wakaangaliana.

Makoroboi nako mlifika wakati wafanyabiashara wanafunga maturubai. Jina lenyewe lina hadithi nzuri kwa ziara ya usiku, maana ni mahali palipojulikana kwa mafundi waliotengeneza koroboi kwa makopo na mabati chakavu. Mwongozaji hakuigusa. Kupeleka wageni pale iwe saa 11:00, kabla ya boti, wakati watu bado wapo.

Halafu Saanane. Ankara ina kipengele cha "kutembelea Kisiwa cha Saanane", Sh 15,000 kwa mtu. Saanane ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013, na matembezi yake ni ya mchana: unavuka kwa boti, unatembea juu ya mawe, unawaona pimbi na swala. Saa 1:15 usiku hakuna anayevushwa. Kilichotokea ni kwamba basi lilipunguza mwendo barabara ya Capri Point, mwongozaji akanyoosha kidole kwenye giza, akasema "kile pale". Hata kidole chenyewe wa viti vya nyuma hawakukiona.

Tunakiri kwamba kituo cha Capri Point kilikuwa kizuri. Kutoka juu pale taa za nyumba zilizopangana juu ya mawe, mpaka kileleni, ndiyo sura ya Mwanza usiku, na wageni walitaka wakae. Mliwapa dakika nane. Wapeni 30.

Chakula. Ratiba: "sato mzima wa kukaanga, kati ya gramu 450 na 500, kwa ugali au wali." Kilichokuja mezani saa 3:00 ni kipande cha mnofu kilichovingirishwa kwenye unga wa ngano, hakina kichwa, mkia wala mfupa. Mhudumu akasema ni sato "wa kusafishwa". Mtu wa kanda hii hadanganyiki hapo. Nyama ya sato ni laini, inachambuka kwa nyuzi fupi, na hata fundi akitoa mnofu utakuwa mwembamba, kama unene wa kidole, kwa sababu samaki wa nusu kilo hana zaidi. Kile kipande kilikuwa na unene wa vidole vitatu, kinaachana mabamba mabamba, na mafuta yake yakabaki kwenye sahani yakiganda. Huyo ni sangara. Sangara si samaki mbaya, tunamla, lakini hajawahi kuwa sato. Mkitaka kukwepa ubishi, samaki waonyeshwe wageni wakiwa wabichi kabla ya kuingia kwenye mafuta: jicho limetuna na kung'aa, matamvua mekundu, ukibonyeza nyama inarudi. Mpishi mwaminifu hachukii kuonyesha.

Mwisho bendi. Mliwafikisha ukumbini saa 3:50 na kuwaondoa saa 4:20, kiingilio Sh 10,000. Katika nusu saa hiyo wageni walisikia "moja, mbili, tatu, jaribu" na mtu akikaza ngoma. Bendi zetu hupanda jukwaani saa 4 ikiwa imepita, zinaanza na nyimbo za taratibu za watu waliokaa, na sebene haliji mpaka ukumbi ujae, mara nyingi kuelekea saa 6. Muziki uwe kituo cha mwisho, na basi lirudi mara mbili, saa 6:00 kwa waliochoka na saa 8:00 kwa waliokuja kucheza.

Tunachodai kinafuata ankara yenu wenyewe. Sh 35,000 za boti zirudi zote, kwa kuwa safari zote mbili hazikutoa kilichouzwa na hazikuwa salama. Sh 15,000 za Saanane. Sh 10,000 za bendi. Na Sh 8,000 kati ya 25,000 za chakula, ikiwa tofauti ya sato na kile kilicholetwa. Hizo ni Sh 68,000 kwa mtu, mara 18, Sh 1,224,000. Zilipwe ndani ya siku 14 kwenye akaunti ileile mliyopokelea malipo yetu. Sisi tutawagawia wageni na kuwaletea orodha yenye saini. Sh 52,000 zilizobaki za gari, mwongozaji na chakula hatuzidai.

Kuna jambo la haraka zaidi. Kundi letu la pili, watu 22, mmeliandika kwa Jumamosi tarehe 6 Septemba. Usiku ule ni mmoja kabla ya mwezi mpevu, mtarudia yaleyale. Tunaomba mlihamishie Jumamosi tarehe 20 Septemba: mwezi utakuwa umezama kabla ya jua, na jua litazama saa 12:45. Boti iondoke saa 12:10, irudi saa 1:05, itoke tena saa 2:15. Kwa watu 22 na wahudumu watatu tunataka kuona majaketi 25 ya watu wazima yenye vifungo na filimbi, pamoja na taa tatu za njia zikiwaka, gatini, asubuhi ya siku hiyo. Mwenzetu atakuja kuyahesabu saa 4:00 asubuhi. Yakipungua hata moja, wageni watabaki ufukweni na tutaomba malipo yao yote.

Jibu litufikie kwa maandishi kabla ya tarehe 28 Agosti.

Wenu katika kazi,

Katibu,
kwa niaba ya kikundi cha waongoza watalii, Mwanza.

Viambatisho: ankara, ratiba iliyochapwa, picha sita za majaketi, picha mbili za sahani.