Barua kwa mwanangu: Timu za Manitoba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Winnipeg. Sote hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma, na nimeona jinsi ulivyoumizwa na wenzako wa chuoni huko Toronto wanaodai kwamba mji wetu hauna timu yake ya hoki ya barafuni, na kwamba Jets unayoishangilia ni ya kuokota kutoka Atlanta. Nakuandikia ili ukiulizwa tena uwe na jibu.

Kwanza, usiukatae ukweli. Jets ya kwanza ilianza kucheza mwaka 1972 katika WHA, ligi iliyoshindana na NHL, ile ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, na kiangazi hicho maelfu ya watu walijaa kwenye makutano ya barabara za Portage na Main hapa mjini kumshuhudia nyota Bobby Hull akijiunga na timu na kupokea hundi kubwa ya mfano ya dola 1,000,000. Timu hiyo ilitwaa Kombe la Avco, ubingwa wa WHA, mara tatu, na mara mbili za kwanza iliwategemea Wasweden Anders Hedberg na Ulf Nilsson wakati ambapo klabu nyingi za huku zilikuwa zikiamini kwamba wachezaji wa Ulaya ni legelege. Iliingia NHL mwaka 1979, na mwaka 1996 ikahamia Phoenix, kwa sababu uwanja wake ulikuwa umechakaa na mishahara ililipwa kwa dola za Marekani ilhali dola ya Kanada ilikuwa imeshuka thamani. Jets ya leo ilikuja mwaka 2011, nayo kweli ilitoka Atlanta. Hizi ni klabu mbili zenye jina moja, na siku tuliyoshangilia sisi, kuna watoto wa Atlanta waliolia. Hilo wakubalie wenzako.

Wanachokosea ni kudhani kwamba hoki ya jimbo letu la Manitoba huanza na kuisha na NHL. Jets ya kwanza ilipoondoka, timu nyingine, Manitoba Moose, ilikuja hapa Winnipeg mwaka uleule. Mji wa Brandon una timu yake ya vijana, Wheat Kings, na mji mdogo wa Portage la Prairie ulitwaa Kombe la Memorial, ubingwa wa vijana wa Kanada nzima, mwaka 1942. Tena kuna jambo la zamani zaidi: tarehe 14 Februari 1896, Victorias wa Winnipeg waliwafuata Victorias wa Montreal hadi kwao, wakawafunga 2–0 na kuondoka na Kombe la Stanley, lile ambalo leo hupewa bingwa wa NHL. Kipa wao, Merritt, alijifunga miguuni kinga nyeupe za mchezo wa kriketi, na huku nyumbani watu walikusanyika kusikiliza habari za mechi zikiletwa kwa simu ya maandishi. Timu ya Toronto ililipata kombe hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1914.

Lakini baba yangu, timu ninayotaka uijue zaidi ya zote ni Falcons. Hao walikuwa vijana wa Winnipeg, karibu wote watoto wa wahamiaji kutoka Iceland, watu waliofika hapa maskini na kudharauliwa kwa lugha yao na majina yao. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, wengi wa wachezaji hao walijiandikisha jeshini, na wawili, Frank Thorsteinson na George Cumbers, hawakurudi. Waliorudi waliomba kuingia katika ligi kubwa ya mji, wakakataliwa. Hawakususa. Walicheza katika ligi nyingine pamoja na timu za Brandon na Selkirk, kisha wakakutana na mabingwa wa ligi iliyowakataa na kuwashinda. Machi 1920 walikwenda hukohuko uliko wewe, wakaifunga timu ya Chuo Kikuu cha Toronto na kutwaa Kombe la Allan, ubingwa wa Kanada wa timu za ridhaa.

Ushindi huo uliwapa nafasi ya kuiwakilisha Kanada katika Olimpiki ya Antwerp, ambako hoki ya barafuni ilichezwa kwa mara ya kwanza katika michezo hiyo. Muda ulikuwa mfupi kiasi kwamba hawakurudi hata nyumbani kuaga. Walitoka Toronto wakaelekea melini. Chini ya nahodha wao Frank Fredrickson, waliifunga Chekoslovakia 15–0, Marekani 2–0 na Sweden 12–1. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo ambao Kanada inajivunia kuliko yote ililetwa na watoto ambao mji wao wenyewe ulikuwa umewafungia mlango.

Ninapowaona watoto wa majirani zetu wapya, Wakongo na Warundi, wakifungwa kamba za viatu vya kutelezea na mama zao kwenye uwanja wa barafu wa mtaa, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, huwakumbuka vijana wale. Sikubali mtu yeyote aniambie kwamba mchezo huu ni wa wengine, wala sitaki wewe ukubali.

Jezi yako nimeifua na nitaituma wiki hii pamoja na soksi nzito. Ukija likizo tutakwenda Brandon kuwaona Wheat Kings. Baba yako ameahidi kuendesha gari.

Akupendaye daima,
Mama yako