Protoni haihami: barua ya wazi kwa wanafunzi wa Kidato cha Pili, Moshi na Arusha

Wajukuu zangu,

Madaftari yenu ya kemia yamenikera. Kila ninalofungua, kosa ni lile lile: "Sodiamu hupata chaji chanya kwa kuongeza protoni." Mwandiko mzuri, mstari umepigwa kwa rula, na mahali pengine mwalimu kaweka vema!

Protoni imo ndani ya kiini cha atomu, na imeshikwa humo kwa nguvu ambayo moto wa jiko hauiwezi, tindikali haiiwezi, betri haiiwezi. Idadi ya protoni ndiyo namba atomia, nayo ndiyo inayoipa elementi jina. Sodiamu ina protoni 11. Ukiiongezea moja, umepata magnesiamu. Kinachotoka na kuingia katika kemia ni elektroni, hasa zile za obiti ya nje.

Fanyeni hivi jioni. Chukueni maharage 11 yawe protoni, zenye chaji chanya; punje 12 za mahindi ziwe nyutroni, majirani wa protoni kiinini wasio na chaji; na punje 11 za ulezi ziwe elektroni, zenye chaji hasi. Ulezi nimeuchagua makusudi, maana protoni moja ina uzito wa elektroni zipatazo 1,840, na nyutroni inakaribiana sana na protoni. Rundikeni maharage na mahindi pamoja sakafuni, choreni duara tatu kwa chaki kuzunguka rundo hilo, kisha pangeni ulezi: 2, halafu 8, halafu 1. Hesabuni. Chanya 11, hasi 11, jumla sifuri. Hiyo ni atomu. Sasa ondoeni ulezi mmoja wa nje. Chanya 11, hasi 10. Imekuwa ioni yenye chaji chanya moja, na hakuna harage lililoguswa. Namba ya uzito, yaani protoni na nyutroni kwa pamoja, imebaki 23.

Msidhani hilo ni jambo dogo. Mama akitia magadi kwenye makande, sodiamu iliyomo ni ioni hiyo, 2:8. Sodiamu yenyewe, ile metali yenye 2:8:1, ikitiwa majini hutoa hidrojeni na joto, na huweza kulipuka. Kinachotenganisha chakula na mlipuko ni elektroni moja.

Na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Tunaishi jirani na Mlima Meru, ambako maji ya vijiji vingi yana floraidi nyingi kupita kiasi. Atomu ya florini ni 2:7. Gesi yake ni sumu kali. Floraidi ni florini iliyokwisha kupokea elektroni moja: 2:8, chaji hasi moja, protoni zile zile 9. Asiyejua tofauti hiyo huchemsha maji akidhani anaondoa floraidi. Kuchemsha huua vijidudu. Ioni haina uhai wa kuuawa, wala haipandi na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki yote katika maji machache zaidi. Mkaa wa mifupa, ukichujiwa maji, huisaidia kaya kwa sababu ioni hubadilishana nafasi: floraidi inaingia, haidroksaidi inatoka, hasi moja kwa hasi moja. Tunawafundisha watoto kukariri 2:8:8 kwa wimbo, kisha tunawaacha wenzao wenye meno yaliyogeuzwa kahawia na floraidi wachekwe darasani, kana kwamba hawapigi mswaki. Meno hayo yaliharibika yakiwa bado yanajengeka, kwa maji yale yale tuliyowapa sisi. Wazazi, ada ya tuisheni mnalipa. Ulizeni basi mtoto anafundishwa nini huko.

Mengine nayataja kwa haraka. Kiini ni kidogo mno: cha hidrojeni kikiwa harage la sentimita moja pale Mnara wa Saa, Arusha, elektroni yake ingekuwa karibu mita 300 kutoka hapo. Kwa hiyo duara za chaki ni za kuhesabia tu. Elektroni haitembei kwenye mstari kama daladala. Obiti ya kwanza hubeba elektroni 2, ya pili 8. Ya tatu huweza kubeba 18, lakini potasiamu ikishafika 8 humo, elektroni ya 19 huanza obiti ya nne, kwa kuwa huko inahitaji nishati ndogo zaidi. Andikeni 2:8:8:1, wala msiandike 2:8:9.

Na klorini, wanangu! Mnatoa protoni 17 kwenye uzito wa atomu wa 35.5 mnaandika nyutroni 18.5. Nusu ya nyutroni mmeikata kwa kisu gani? Hiyo 35.5 ni wastani. Katika kila atomu 100 za klorini, takribani 75 zina uzito wa 35 na 25 zina 37. Zidisheni, jumlisheni, gawanyeni kwa 100, mtaona. Kisha rudini sakafuni mpange marundo mawili: moja maharage 17 na mahindi 18, jingine maharage 17 na mahindi 20. Ulezi ni 2, 8, 7 kwa yote mawili.

Babu yenu,
Moshi