Yah: Malalamiko ya kozi ya utafiti wa masoko na alama 31 mlizonipa

Kwa kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Hii ni meseji ya nne naandika, tatu za mwanzo nimejibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni muhimu sana kwenu, asanteni, sasa hii naomba isomwe na mtu mwenye macho.

Mi nipo Tanga, Ngamiani, nauza achari ya embe na ndimu. Nilijiunga na kozi yenu ya mtandaoni ya wiki nane nikalipa laki moja na themanini kwa simu, hela ambayo ningeinunulia mafuta na chupa nikafanyia kazi. Sikuja kutafuta cheti cha kutundika ukutani, nilitaka kujua kwanini chupa zangu za 3,000 zinalala na pakti za 500 zinaisha kabla ya adhuhuri.

Vipindi vya laivu sina mengi ya kusema. Mlisema saa 3 usiku mkahamishia saa 11 jioni bila taarifa, muda ambao mi nipo mezani nauza, na mwalimu ametokea mara mbili tu zingine tukapewa rekodi. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, nyie hata huko kuja hamkuja. Hayo nimeyameza. Rekodi zenyewe zilikuwa nzuri siwezi kusema uongo, yule mwalimu anajua kufundisha, na ndo maana nimekasirika zaidi.

Ishu ni asaimenti ya mwisho. Mlisema tuhoji watu 100, mi nimehoji 120. Nimeandika dodoso, yaani karatasi ya maswali, kwa Kiswahili, nikaprinti steshenari, nikazunguka nalo siku sita soko la Mgandini, stendi ya Kange na kule Deep Sea kwa wanaonunua samaki asubuhi, na jua lenyewe hili la kwetu. Kwanza nikajaribu kwa watu 10 kama mwalimu alivyoelekeza na hapo hapo dodoso likafa, maana kuna swali nililikopi kwenye mfano wenu, kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani, mama mmoja wa vitumbua akacheka mpaka akakaa chini akaniambia mwanangu mwezi mi siujui, mi naijua leo. Ikabidi nibadilishe niulize jana ulibakiwa na shilingi ngapi ukishatoa mtaji. Na lile la je unapenda achari, kila mtu tamu mwanangu, tamu, sasa umesimama kwenye meza yake na shikamoo umempa atakwambiaje mbaya? Nikalifuta, nikauliza mara ya mwisho umenunua achari lini, kwa nani, ya shilingi ngapi.

Hapo ndo maneno yakaanza kutoka. Tatizo sio ladha na wala sio bei sana, ni kwamba nyumba ina watu tisa, chupa ikishafunguliwa inaisha siku hiyo hiyo, kwa hiyo mama ananunua pakti ya leo makusudi ili kesho abakiwe na hela ya nyingine. Mi nauza achari miaka yote hiyo na sikuwahi kulijua hilo!

Kazi hiyo mkaipa 31. Sababu mmeandika mstari mmoja, majibu hayakukusanywa kwa fomu ya mtandaoni na wahojiwa hawana barua pepe. Ndiyo, hawana barua pepe, wengi wao wana simu za kitochi. Ndo wanaokula achari hao.

Na sasa nisikilizeni vizuri. Somo la tatu la kwenu wenyewe mwalimu alituelezea lile jarida la Marekani, Literary Digest, mwaka 1936 lilituma karatasi za kura ya maoni kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza Landon ndo anashinda urais, mpinzani wake Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. Majina waliyachota kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, miaka ile ya hali ngumu mwenye simu na gari alikuwa nani? Na wengi hawakurudisha karatasi. Gallup, mtafiti mwingine wa kura za maoni, akahoji wachache zaidi akapatia mshindi, maana kinachotangulia ni umewapataje hao watu, wingi unafuata. Halafu nyie nyie mnaniambia nikatafute wala achari wenye imeli. Ningefanya hivyo ningepata wanachuo na watu wa maofisini 100, wote wanasifia chupa, nikaagiza chupa nyingine nikafilisika na maksi zangu mkononi. Kuna mwenzangu wa kozi hiyo hiyo alijaza fomu zote 100 mwenyewe usiku mmoja kwa imeli za kutengeneza, amepata 88, simtaji kwa sababu sijaja kumchongea.

Na juzi mmenitumia fomu ya kupima kama nimeridhika. Swali la kwanza, umeridhika kiasi gani na mwalimu na mfumo wetu. Hayo ni maswali mawili kwenye gunia moja, mwalimu nampa 5 mfumo naupa 1, nijaze ngapi? Na majibu yenyewe yanaanzia nzuri yanaishia bora kabisa, mbaya haipo, mnajua kabisa skeli ya namna hiyo inatakiwa iwe na upande wa kuridhika na wa kutoridhika, yenu ni baiskeli ya pedeli moja. Sikuijaza.

Ninachotaka ni mtu, sio mashine, asome kazi yangu upya aipe alama kwa vigezo mlivyotufundisha. Hamuwezi, basi nirudishieni laki moja na themanini kwa namba ile ile niliyolipia. Nawapa siku 14, zikipita kimya barua hii naipeleka Tume ya Ushindani, wao ndo wanaohusika na haki za mlaji.

Madodoso yote 120 yapo kwenye faili la kijani hapa nyumbani, mengine yana madoa ya mafuta ya samaki lakini yanasomeka. Mkitaka niyaskani tena ntayaskani, ila hela ya steshenari safari hii mtatoa nyie.

Mwanafunzi wenu,
Muuza achari, Ngamiani, Tanga