Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Shuleni, Ruangwa, Lindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Ahsante kwa kuitikia mwaliko wa sisi wasichana wa Klabu ya Sayansi.

Jiwe jeusi lililo mezani kwako ni kinywe. Mwenzetu wa kidato cha tatu amelitoa shambani kwao, hapa hapa Ruangwa. Ukiligusa linakuachia weusi kidoleni, kwa sababu kaboni yake imekaa matabaka yanayoteleza. Ndiyo maana penseli inaandika. Tuliliunganisha kwa nyaya na betri mbili za tochi, balbu ikawaka. Darasa zima lilipiga vigelegele.

Kinywe ndicho kinachotengenezea upande hasi wa betri za magari ya umeme. Mtu aliyekichunguza hata akaitwa malkia wa kaboni ni mwanamke, Mildred Dresselhaus, aliyekulia katika umaskini New York. Mwaka 1967 aliingia chuo cha MIT, Marekani, kama profesa mgeni, kwa fedha zilizotengwa mahsusi kuinua wanawake wasomi. Mwaka uliofuata akapewa nafasi ya kudumu.

Ufadhili wa namna hiyo unatufikia hata sisi. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lililoanzishwa mwaka 1987 lenye makao Trieste, Italia, hufadhili shahada ya uzamivu kwa wanawake wa nchi zilizobaki nyuma kisayansi, Tanzania ikiwamo. Hapa nchini, Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha inafundisha sayansi ya nyenzo, yaani elimu ya vitu kama kinywe vilivyoundwa na vinavyofanya kazi. Lakini mwombaji wa OWSD anatakiwa awe tayari na shahada ya uzamili, na sisi kamba inatukatikia sekondari. Fizikia, kemia na baiolojia zinagombea chumba kimoja cha maabara. Fundi sanifu hatuna. Mwaka jana baadhi ya dada zetu walishika mizani kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo. Inauma sana.

Mheshimiwa, mama zetu wanabangua korosho, na mafuta ya ganda yanawababua mikono. Mafuta hayo hayo viwandani hutengenezea rangi na breki za magari. Binti aliyemfunga mama yake vitambaa viganjani ataingia maabara na swali ambalo mwingine halimjii kabisa. Maabara isiyo na mtu wa kwetu inalikosa swali hilo.

Tunaomba fundi sanifu mmoja na mizani miwili. Tunaomba pia utusemee kwa wachimbaji wa kinywe mkoani, kila likizo wasichana wawili wapokelewe wanakopimia sampuli, wajifunze. Watano tayari wameandika barua na wazazi wao wameziweka saini. Zipo hapo mezani, chini ya jiwe.

Tunaomba kuwasilisha.