Taa mbili zinazopokezana

Bukavu

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Wote wazima, isipokuwa mimi ambaye wiki mbili hizi sikulala vizuri kwa sababu yako. Ile seti ya kuunda taa mbili zinazopokezana, uliyomkabidhi shemeji aniletee, nilidhani ni kazi ya saa moja: tranzista mbili za BC547 (swichi ndogo za umeme), kondansateri mbili za kuhifadhi chaji, rezistansi nne za kubana umeme, taa mbili za LED, betri tatu ndogo, basi.

Tranzista moja niliiunguza wakati wa kuichomea kwa risasi iliyoyeyushwa. Nikapanda mtaa wa Kadutu kwa fundi wa redio, akanipa tranzista nyingine, 2N3904, "ni kitu kilekile." Nikaipachika: taa moja ikawaka na kuganda hivyo hivyo, ya pili imefifia. Nikabadilisha betri, nikachomea upya kila kiungo, bure. Siku ya tatu ndipo nikajua. Ukiielekeza BC547 kwako upande wake bapa, miguu chini, kutoka kushoto una kolekta (umeme unapoingilia), besi (inayoifungua), emita (unapotokea). Ya 2N3904 ni emita, besi, kolekta. Kumbe niliivalisha viatu kinyume! Nikaigeuza, taa zikaanza kupokezana. Fundi hakunidanganya, hakumalizia tu.

Lakini nani anaizima taa ya pili? Kondansateri kujaa polepole kupitia rezistansi, hilo sawa, ni bido, dumu la maji, chini ya robine inayodondosha, na sisi wa Bukavu hatufundishwi kusubiri bido. Kuzima ndiko kulikonishinda. Nikang'oa zile kondansateri za mikrofaradi 47 (kipimo cha ukubwa wake), nikaweka za 470 kutoka redio mbovu, kila taa ikawa inakaa karibu sekunde 3. Sasa multimeta yangu, kipima umeme, ingeweza kuzifuata. Nikagusa besi. Taa zilipobadilishana, namba ikaanguka hadi karibu volti hasi 2! Betri zote pamoja ni volti 4.5, hiyo hasi imetoka wapi?

Ni kondansateri. Tranzista inapofunguka na kupitisha umeme inaivuta chini ghafla ncha moja, ile iliyo kwenye kolekta yake, na kwa kuwa chaji haiwezi kumwagika papo hapo, ncha ya pili, iliyo kwenye besi ya mwenzake, inashuka nayo. Mama akichuchumaa, mtoto wa mgongoni naye yuko chini. Mwenzake anazimika, na taa yake pia. Kisha rezistansi ya kilo-omu 10 inaipandisha besi ile: hasi moja, sifuri, nukta tatu, ikikaribia 0.6, tap! Tranzista ile inafunguka, naye analipiza. Umeme wa mtaa ulikatika saa mbili usiku, nikaendelea kuitazama namba ikipanda gizani.

Mzunguko wenyewe ni mzee kuliko babu zetu. Wafaransa wawili, Henri Abraham na Eugène Bloch, waliueleza mwaka 1919, kwa lampu za kioo za redio za kale, kabla tranzista haijakuwepo.

Jana nimerudisha 47 upande mmoja, mwingine nimeacha 470. Taa moja sasa inakawia kuzimika, nyingine inapepesa tu. Nikisie kwa barua: inayokawia ni ya tranzista ambayo kolekta yake imeshika kondansateri kubwa, au ya ile ambayo besi yake imeishika? Usijaribu kwanza.

Msalimie mama watoto.

Mimi mwenzio