Anayefufua cherehani kuukuu si mlanguzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaotuita walanguzi sisi tunaonunua vyombo vilivyotelekezwa majumbani, tukavitengeneza na kuviuza. Neno hilo wazee wanalijua vizuri: walanguzi waliosakwa mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, walituhumiwa kuficha bidhaa ambazo wananchi walikuwa wakizitafuta madukani bila kuzipata. Mimi sifichi kitu. Nakitoa kitu uani.

Aprili iliyopita nilinunua kwa shilingi 40,000 cherehani ya miguu, Singer ya zamani, kwa mama mmoja wa Buguruni aliyekuwa akiitumia kuwekea ndoo chini ya mwembe. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amemtajia 15,000, kwa kuwa yeye huangalia kilo tu. Gurudumu lilikuwa haligeuki, bobini imeganda kwa kutu na uzi uliooza, na mkanda wa ngozi ulikwisha kuliwa na panya. Niliilowesha mafuta ya taa siku tatu ndipo skrubu zikaanza kulegea, na hata hivyo moja ilikatikia ndani, nikalazimika kumlipa fundi wa kereza aitoe. Hadi iliposhona mstari wa kwanza ulionyooka, nilikuwa nimetumia 55,000 nyingine na siku sita za kazi. Niliiuza 170,000 kwa binti anayeanza ushonaji. Faida ni 75,000, yaani 12,500 kwa siku, na humo bado sijatoa kodi ya kibanda.

Mtoto wa yule mama alipopata habari alinijia juu, akisema nimemdhulumu mama yake. Nilimwonyesha risiti za vipuri, akanyamaza, ingawa sidhani kama aliridhika.

Pamoja na hayo, lawama nyingine tunazistahili. Wapo wenzetu wanaoona wazi kwamba chombo kinatengenezeka, lakini humwambia mwenyewe, "Hiki ni chuma tu, mama," ili ashushe bei. Huo ni uongo, na mtu asiuite ujanja wa biashara. Wapo pia wasiouliza mali imetoka wapi, ilhali Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani anayepokea mali ya wizi huku akijua kuwa imeibwa. Mimi huandika hati ya mauziano hata kwa pasi ya mkaa: majina, tarehe, bei, saini na jirani mmoja wa kushuhudia, na kwa cherehani naongeza namba iliyogongwa kwenye chuma chake.

Ombi langu kwa ofisi za serikali za mitaa ni kwamba zituandalie fomu moja fupi ya mauziano ya aina hii, yenye sehemu ya muuzaji kuthibitisha kwamba ameelezwa hali halisi ya chombo chake kabla ya kupokea fedha.

Fundi cherehani,
Ilala, Dar es Salaam