Ganzi ya kinyama cha titi si lazima iunguze

Ndugu Mhariri,

Mwanamke anayechukuliwa kinyama cha titi, yaani kipande kidogo cha kupimwa (biopsi), huambiwa, "Hii ya ganzi ndiyo itakayouma, baada ya hapo hutasikia kitu." Kauli hiyo imezoeleka mno, hadi watu wanadhani muunguzo huo hauepukiki. Unaepukika kwa sehemu kubwa, na tunawaomba wenzetu wa vyumba vya biopsi wabadili utaratibu.

Lidokaini, dawa yenyewe ya ganzi, huwekwa kwenye kichupa ikiwa na tindikali ili isiharibike. Ile tupu huwa na pH (kipimo cha tindikali; kikishuka, tindikali huzidi) ya karibu 6, na iliyochanganywa na adrenalini kiwandani hushuka hadi karibu 4, wakati mwili wa binadamu uko 7.4. Ndiyo maana ngozi huwaka moto kabla ya kufa ganzi. Tiba yake ni bikabonati ya sodiamu ya asilimia 8.4. Vuta ml 9 za lidokaini ya asilimia 1 kwenye bomba la ml 10, ongeza ml 1 ya bikabonati, kisha pinduapindua bomba taratibu. Kichupa kikiwa cha asilimia 2, vuta ml 5, ongeza ml 4 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ndipo uweke ile ml 1. Muunguzo hupungua, na ganzi nayo hushika mapema, kwa sababu tindikali ikipungua dawa hupenya kwenye neva kwa urahisi zaidi.

Makosa yapo. Ukizidisha bikabonati, dawa hugeuka ukungu au hutoa chembe nyeupe. Imwage, usimdunge mtu. Bupivakaini, dawa nyingine ya ganzi, hutoa chembe upesi zaidi, kwa hiyo usiibebeshe kipimo hiki. Changanya mgonjwa akiwa tayari kitandani, maana adrenalini huharibika tindikali ikishaondolewa. Na bomba liandikwe kilichomo.

Halafu kuna mkono. Sindano nene iliyovutia dawa kwenye kichupa isiguse ngozi. Badilisha, weka nyembamba ya geji 27 au 30 (namba ya geji ikipanda, sindano huwa nyembamba). Dawa iliyotoka kwenye friji huuma zaidi, basi ipashwe hadi joto la mwili. Anza na ml 1 hivi chini ya ngozi, polepole mno, mpaka kijitokeze kivimbe cheupe, kisha pitisha sindano ndefu hapohapo palipokwisha kufa ganzi. Fuata kwa ultrasaundi njia yote hadi ukingoni mwa uvimbe, ukivuta bomba nyuma kuhakikisha hakuna damu kabla ya kusukuma. Hewa itolewe yote kwenye bomba: kapovu kamoja tu huweka kivuli kwenye picha, uvimbe mdogo ukapotea, na mgonjwa akadungwa upya bila sababu. Karibu na chuchu pana hisia kali, hivyo ukiweza ingia mbali napo.

Baada ya hapo, subiri. Hapa ndipo tunapowakosea wagonjwa zaidi. Dakika 3 hadi 5 zionekane kwenye saa, maana foleni ya nje hufanya dakika moja ionekane kumi. Gusa ngozi kwa ncha ya sindano, umuulize anasikia nini. Mlio wa kifaa cha geji 14 kinachokata kinyama asikilizishwe mapema kikiwa hewani. Akishtuka sindano ikiwa ndani, kipande hukosewa.

Akilalamika bado, usiongeze dawa bila hesabu. Kikomo cha lidokaini tupu ni mg 4.5 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Mama wa kilo 50 anaishia mg 225, yaani ml 22 za asilimia 1, lakini ml 11 tu za asilimia 2. Midomo ikifa ganzi, masikio yakivuma au akihisi ladha ya chuma mdomoni, acha mara moja na uite msaada.

Wafamasia wa hospitali, tunawasihi: kila mnapotoa lidokaini kwa chumba cha biopsi, toeni na ampuli ya bikabonati. Ile ya troli ya dharura ibaki palepale.

Wahudumu wa chumba cha ultrasaundi